Ampu ya Baba Haina Zebaki

Ampu ya baba haina zebaki. Nimemwambia hivyo mnunuzi, nimemwambia kaka yangu, nimesema mbele ya ukoo mzima kule Mwazye, na kama Rukwa hii bado yupo ambaye hajanisikia, aje kibandani kwangu Majengo, Sumbawanga, nimweleze uso kwa uso. Ampu ni mashine ya kukuza sauti, na ndani ya valvu zake, yaani zile taa za kioo zilizokuwa kwenye redio za zamani, kuna waya, kuna vibati vyembamba, na baada ya hapo hakuna kitu, hata hewa. Kile kinachong'aa kama fedha upande wa juu wa kioo ni madini yaliyowekwa kiwandani ili yamalize hewa iliyosalia. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayekinunua kwa bei ya nyumba.

Mimi ni fundi redio. Naanza na hilo kwa sababu watu wakifika kibandani na kumkuta mwanamke ameinamia redio, huniuliza fundi kaenda wapi. Zamani nilikuwa najibu kwa upole. Siku hizi nawaambia fundi alishakufa, halafu naendelea na kazi yangu. Wengi wanatoa redio kwenye mfuko.

Nikifunga kibanda Jumapili baada ya misa, napiga gitaa. Gitaa langu halina mwimbaji. Ni nyuzi tupu, zinapigwa haraka haraka, hasa ule uzi mnene wa juu, na sauti inatakiwa iwe safi, kali kidogo, na iwe na mwangwi mwingi unaobaki nyuma yake kama maji yaliyomwagwa kwenye ndoo tupu. Muziki huo una jina lake, muziki wa mawimbi, na ulianzishwa na vijana wa pwani ya Marekani waliokuwa wakiteleza juu ya bahari kwa ubao. Hayo niliyajua nikiwa mtu mzima, kwenye simu ya mteja iliyokuja kwa matengenezo. Sauti yenyewe nilikuwa naijua tangu nikiwa mtoto.

Baba alikuwa fundi mitambo wa gari la sinema. Gari lilizunguka Ufipa yote, Laela, Mwazye, na vijiji ambavyo barabara yake ilikuwa ni nia tu ya dereva. Wakifika wanatundika shuka jeupe na kuonyesha filamu za kilimo bora na za kuchemsha maji. Sasa filamu haionekani mpaka giza liingie, na watu wa Mwazye walikuwa wanaanza kufika tangu saa kumi jioni na vigoda vyao. Ili wasichoke, baba aliwawekea santuri. Alikuwa nayo moja aliyoipenda kuliko zote, ya gitaa bila maneno. Jalada lake lilishapotea na karatasi ya katikati ilikuwa imechubuka, kwa hiyo hatukuwahi kujua wapigaji ni akina nani. Mwazye waliuita wimbo wa kungoja giza. Kazi yangu wakati wa likizo ilikuwa kukunjua waya mrefu wa spika kutoka kwenye gari mpaka kwenye shuka, halafu kusimama hapo ng'ombe wa watu wasiukanyage. Nilikuwa nasogeza tumbo langu karibu na spika mpaka nahisi gitaa likinitembea kwenye mbavu.

Gari lilipokufa na baba alipostaafu, aliruhusiwa kuondoka na ampu ya projekta na ule waya wake. Vilikaa uvunguni mwa kitanda miaka mingi. Alipougua ugonjwa wake wa mwisho aliniambia, "Ile mashine chukua wewe. Wewe ndiye uliyeshika waya." Mama alikuwepo na alisikia. Kaka yangu alikuwa Laela kwenye mahindi yake, hakusikia, na hapo ndipo matatizo yote yalipopata mlango.

Kaka yangu si mtu mbaya. Nalisema hili mapema kwa sababu huko mbele nitamsema vibaya. Ni mkubwa kwangu kwa miaka saba, ananunua mahindi Laela na kuyapeleka Tunduma, na ndiye aliyenilipia ada niliposoma ufundi wakati majirani wanamwambia anapoteza hela kwa msichana. Kasoro yake ni moja. Kitu kikizeeka yeye hukiona uchafu.

Aliposikia natafuta ampu ya gitaa alifurahi kweli. Akaniletea kutoka Tunduma ampu mpya, nyeusi, ina taa za kijani na bluu zinazocheza, na kitufe kilichoandikwa mwangwi. Nikaijaribu wiki nzima kwa haki, kwa sababu zawadi ya mtu huwezi kuidharau kabla hujaionja. Ukipiga polepole inasema vizuri. Ukipiga kwa nguvu, na muziki huu hakuna namna ya kuupiga bila nguvu, inabana, kama mtu aliyezibwa mdomo kwa kiganja. Na ule mwangwi wa kitufe ulikuwa kila siku uleule, nipige kwa hasira nipige kwa usingizi. Nikaifunga kwenye boksi lake nikaiweka juu ya kabati.

Nikavuta ya baba kutoka uvunguni. Ilikuwa imetengenezwa iseme na mamia ya watu uwanjani, kwenye upepo, bila kupayuka. Nilitaka nguvu hiyo hiyo. Kaka aliponikuta nimeifungua, panya wamejaza maganda ya karanga ndani, aliniuliza kama naumwa.

"Naumwa," nikamwambia. "Niache na ugonjwa wangu."

Miezi minne nilifanya kazi ile, saa moja moja kila asubuhi kabla ya wateja. Kwanza nilibadilisha kapasita zote, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme, maana za zamani zilikuwa zinavujisha umeme. Halafu nikaongeza waya wa kwenda ardhini, ambao watu waliounda mashine ile hawakuuona wa lazima, na mimi nikauona wa lazima siku iliponipiga shoti ikanitupa mpaka kwenye kiti. Kuna kapasita moja ndogo iliyowekwa kukata sauti za juu ili mtangazaji wa filamu asikike mnene na mwenye heshima. Niliing'oa. Sikuhitaji heshima, nilihitaji gitaa likate. Spika ya zamani panya walikuwa wameshaila karatasi yake yote, nikaweka nyingine ya inchi kumi na mbili niliyoitoa kwenye boksi la disko lililoungua, na seremala wa vitanda jirani yangu akanitengenezea sanduku la mbao za paini. Aliniuliza kama ni jeneza la mbuzi. Nikamwambia ndiyo.

Kilichonisumbua ni mwangwi. Mwangwi wa muziki huu unatoka kwenye springi. Sauti inaingia upande mmoja, inatetemesha springi, na upande wa pili inatoka imeloa. Springi hizo huku hazipo, na kuagiza ni kungoja mpaka mvi ziote. Nikajaribu za baiskeli, ngumu. Nikajaribu za kalamu, fupi. Siku moja nikiwa kwa mama Mwazye nimelala chali, naangalia pazia la chumbani kwake, nikaona kumbe jibu linaning'inia hapo miaka yote. Pazia zetu sote huku zinashikwa na springi ndefu nyembamba iliyovikwa plastiki nyeupe. Nikazifungua mbili. Mama alipoingia akakuta pazia sakafuni na mimi namenya springi kwa wembe, alinisema kwa Kifipa kitupu, na mama akihama Kiswahili ujue maji yamezidi unga. Nilimwachia kamba ya katani nikaondoka na springi.

Upande wa kuingizia nikafunga kispika kidogo cha redio. Upande wa kutokea nikafunga kichwa cha sindano cha gramafoni ya baba, kile kile kilichosoma santuri yake. Nikaongeza valvu moja ndogo ya kuziendesha, ya aina moja na ile ndogo ya mwanzoni ambayo gitaa huingilia. Mara ya kwanza nilipoviweka vyote ndani ya sanduku la spika, mashine ilipiga kelele mpaka seremala akaja na nyundo mkononi. Nikazihamishia springi kwenye boksi la peke yake, nikalilaza juu ya gunia la pumba, zisitetemeshwe na spika. Nikagusa uzi mmoja.

Nililia. Sioni aibu kusema. Ulikuwa ni uwanja wa Mwazye saa kumi na moja, na vigoda, na baba mgongo umegeuka.

Kama ningeishia hapo na kufunga mdomo, kusingetokea kitu. Kosa lililofuata lilikuwa langu. Kwa majivuno niliitoa ile mashine nikaiweka mbele kibandani, mgongo wake wazi, imewashwa, valvu zote zinawaka nyekundu, ili Majengo nzima ipite iione. Wakaiona. Vijana walisimama wakisema, "Mambo fundi, hicho ni nini?" nami nikawaeleza kwa kirefu. Waliokuwa kimya ndio ambao ningepaswa kuwaogopa.

Huku kwetu, kama mikoa mingi, kuna uvumi wa zebaki nyekundu. Hakuna aliyewahi kuiona, lakini kila mtu ana shemeji wa rafiki aliyeiuza akajenga ghorofa. Inasemekana imo kwenye cherehani za zamani, kwenye televisheni za kichogo, na zaidi kwenye redio za valvu. Nimewahi kuletewa redio nzima za watu marehemu, nzuri, zenye sauti, zimepasuliwa valvu zote kwa nyundo, wananiuliza zebaki imekwenda wapi. Na mimi, fundi niliyewasikia watu hao kwa masikio yangu, niliiwasha mashine yenye kioo kinachong'aa fedha juu na moto mwekundu chini, nikaiweka barabarani. Nilichosahau ni kuandika bei.

Haikupita wiki mbili, kaka akaja na mgeni. Mzee nadhifu, koti la suti, kiatu kimepigwa rangi. Akaniamkia kwa adabu, akaomba kuiona mashine ya marehemu. Halafu akatoa mfukoni punje ya kitunguu saumu na kioo kidogo cha kujitazamia.

"Zebaki ya kweli inakimbia kitunguu saumu," alimweleza kaka, si mimi. "Na kwenye kioo haionekani."

Akapitisha kitunguu saumu juu ya valvu kubwa, taratibu, kama mtu anayepaka mafuta mgonjwa. Lori likapita barabarani, kibanda kikatikisika kama kinavyotikisika kila siku, na valvu ikatikisika nacho.

"Umeona?" mzee akasema.

"Nimeona," kaka akasema.

"Ni lori," nikasema mimi.

"Dada, ungeuchunga ulimi wako kidogo," mzee akaniambia. "Kitu hiki kinasikia."

Nikachukua kile kitunguu saumu mkononi mwake, nikakimenya, nikakitafuna chote huku namwangalia. Sikipendi kikiwa kibichi, na kiliniunguza mpaka masikioni, lakini niliona afadhali. Mzee akafunga koti lake. Akamwambia kaka atarudi, na kwamba kwa valvu zote nne atatoa kiasi cha kumalizia nyumba na pikipiki juu yake.

Nyumba ndiyo ilikuwa donda la kaka. Alikuwa anajenga Mwazye, hatua chache kutoka kwa mama, nyumba kubwa ya tofali za kuchoma. Alikuwa ameshapiga bati, basi, akakwama. Miaka mitatu ilikuwa imesimama hivyo, pagala lisilo na milango wala dari, popo wanaingia na kutoka wanavyotaka. Kila akienda kijijini alikuwa anapita upande wa pili wa njia asiione.

"Mdogo wangu," akaniambia mgeni alipoondoka, "baba hakuacha wosia. Mimi ndiye mkubwa."

"Aliniambia mimi. Mama alisikia."

"Mama atasema chochote utakachotaka."

Hilo lilinichoma kuliko kitunguu. Tulipandishiana sauti mpaka majirani wakazima redio zao ili wasikie vizuri. Mwishowe aliyeamua ni baba mdogo, mdogo wa baba aliyebaki, kwa simu. Misa ya mwaka mmoja wa baba ilikuwa inakaribia na wote tungekuwa Mwazye. Akasema niilete mashine, na baada ya chakula ukoo utakaa. Nikiipiga ikasema, ni yangu, mambo yaishe. Ikinyamaza, ni chuma cha urithi kama chuma kingine, itauzwa na kaka atapokea. Nikakubali kabla hajamaliza sentensi. Mama naye akaingilia kwenye simu ile ile, akasema jambo moja tu, kwamba nikipiga nipige ule wa kungoja giza.

Nilifika siku moja kabla, nyuma ya gari la mizigo, nimeikumbatia ampu kwenye blanketi njia nzima. Ulikuwa mwezi wa saba, ulezi umeshavunwa, uwanda wote umekuwa rangi ya ng'ombe, upepo unakata masikio. Niliijaribu kwa mama jioni ile, ikasema. Nikaiweka chumbani kwa mama na kulala jikoni na wanawake waliokuwa wanaandaa kimpumu, pombe yetu ya ulezi.

Misa ilikwisha salama. Watu walikula, wakanywa, mirija ikazunguka. Saa kumi hivi baba mdogo akagonga kigoda, nikaitoa mashine uani, nikaunganisha umeme, nikakunjua ule waya mrefu wa baba mpaka kwenye spika. Nikachomeka gitaa. Nikapiga.

Kimya. Hata ule mvumo mdogo wa mashine iliyo hai haukuwepo.

Niliigeuza. Kati ya valvu nne zilizokuwa zinakaa pale, tatu ziliwaka. Ile ndogo ya mwanzoni, mlango ambao gitaa huingilia, haikuwepo, limebaki tundu lake tu na matobo tisa. Valvu haianguki yenyewe. Inashikwa, inatikiswa, inavutwa. Nikamtazama kaka. Alikuwa anatazama viatu vyake, na viatu havikuwa na kitu.

Nilitaka kumpigia ukelele ambao angeukumbuka mpaka kaburini. Lakini nilifahamu kwamba nikianza kupiga kelele nimeshindwa, maana sauti ndiyo ambayo mashine haikuwa nayo, na wazee wangesema basi, tumesikia. Baba mdogo akauliza, "Inasema au haisemi?"

"Ngoja, baba mdogo. Nipe dakika tano."

Zilikuwepo valvu mbili za aina moja, nimeshasema. Moja imekwenda. Nyingine ilikuwa ile niliyoiongeza mwenyewe ya kuendesha springi. Miezi minne yangu ilikuwa kwenye ile valvu. Pazia za mama zilikuwa kwenye ile valvu. Nikaing'oa kwa kitambaa ikiwa bado ya moto, ikaniunguza vidole viwili, nikaichomeka mlangoni. Mashine ikavuma. Nikapiga, na gitaa likatoka.

Likatoka kavu. Bila springi ule muziki unakuwa mifupa. Nilipiga wimbo wa kungoja giza tangu mwanzo, bila kukosea hata mahali pamoja, na upepo ukazichukua sauti moja moja na kuzipeleka Zambia. Watu walisikiliza kwa adabu. Mama alikuwa amekaa mbele kwenye kigoda chake, amejifunga kanga mbili kwa ajili ya baridi. Nilipomaliza alitikisa kichwa polepole.

"Siyo huo," akasema.

Kaka alisogea mbele. "Haya, imesema," akawaambia wazee, "lakini mmesikia wenyewe. Imekwisha. Imebaki sauti ya kopo." Baadhi ya vichwa viliitikia.

Sijui nitaeleza vipi kilichonipata. Haikuwa akili, ilikuwa hasira iliyopata miguu. Niliinua spika, sanduku zima la paini, nikalibeba kifuani, nikavuka njia na ule waya unajikunjua nyuma yangu kama zamani, na nikaingia nalo kwenye pagala la kaka. Nililiweka sebuleni, katikati ya kinyesi cha popo, nikaligeuza lielekee ukuta mrefu. Kuta zile hazikuwa na plasta wala madirisha, na juu hakukuwa na kitu mpaka bati.

Kaka alinifuata akikimbia. "Hii ni nyumba yangu," akasema mlangoni.

"Najua. Na valvu ilikuwa yangu."

Alijisogeza pembeni. Nikampita.

Nilirudi uani palipokuwa na gitaa, nikafungua sauti ya ampu mpaka mwisho, nikaanza upya. Na lile pagala likaitikia. Kila nilichopiga kiliingia mle, kikagonga tofali, kikapanda kwenye bati, kikateremka, na kilipotoka mlangoni na kwenye matundu ya madirisha kilikuwa kimeloa na kipana, na kinakuja nyuma ya vidole vyangu kwa kuchelewa kidogo. Nilipoukwaruza uzi mnene kutoka juu mpaka chini, popo wote walitoka kwa mpigo mmoja. Watoto wakacheka. Watu wakainuka na vigoda vyao wakavuka njia bila kuambiwa na mtu, wakaingia nyumbani kwa kaka, wakakaa chini wameelekea ule ukuta mrefu, vile vile walivyokuwa wakikaa kuelekea shuka. Waliokuwa na umri wangu walikaa wanyoofu kabisa. Walikuwa wanangoja.

Mama ndiye aliyeingia mwisho. Alisimama mlangoni kwa muda, kisha akasema, si kwangu, "Ndio huo." Akakaa.

Niliupiga mara tatu. Vidole vilivyoungua vilipasuka kwenye uzi na sikuacha. Nilipiga kwa ajili ya baba, lakini nitakuwa mwongo nikisema ni yeye tu. Nilipiga kwa ajili ya kila aliyewahi kuniuliza fundi kaenda wapi, na kwa ajili ya yule mzee wa koti, popote alipokuwa, asikie vizuri kitu alichotaka kukipasua. Baba mdogo hakuitisha tena kikao. Aliulizwa na mtu, akasema kikao cha nini, mashine si iko kazini.

Jua lilipokaribia kuzama nilikuwa nakunja waya peke yangu sebuleni mle. Kaka akaja akasimama kando. Alitoa leso mfukoni akanifungulia. Ndani yake kulikuwa na vipande vya kioo na vibati viwili vilivyopindika.

"Yule mzee aliipasua mbele yangu jana usiku," akasema. "Akamulika kwa tochi. Akasema zebaki ilishakimbia."

"Ukaamini?"

"Mpaka saa kumi leo nilikuwa naamini." Akakunja leso. "Nilichukua ile ndogo. Nilidhani ndogo haina kazi. Nisamehe, mdogo wangu."

Nilimwambia sijamsamehe bado, na kwamba nikiwa tayari nitampigia simu. Akaitikia kwa kichwa. Alinishikia mwisho wa waya ili usiburute kwenye uchafu, na tulikunja hivyo, yeye anaachia, mimi nazungusha. Halafu akatazama juu kwenye bati, akakohoa kidogo ili kuisikia ile sauti ikimrudia.

"Nikiweka dari humu," akauliza, "itabaki hivi?"

"Itakufa."

Valvu nyingine niliipata baada ya miezi mingi, springi za mama zimerudi kazini, na simu ya msamaha nilipiga kabla ya Krismasi. Tangu siku ile tumevuna mara mbili. Nyumba ya kaka sasa ina milango, ina vioo, ina plasta nje na ndani, na mvua ikinyesha waliolala humo hawasikilizani kwa makelele ya bati. Wifi yangu anamuuliza kila likizo dari lini. Namsikia kaka akimjibu kwamba fundi hajapatikana, na mafundi wa dari wamejaa kutoka Laela mpaka Sumbawanga.